Harrison wa 1840 au Lincoln wa 1860?

Anayeanza kukusanya medali za kampeni za urais wa Marekani ningemwelekeza kwanza kwa William Henry Harrison. Za 1840 zilitolewa kwa wingi, nyingi za shaba ya njano: upande mmoja sura ya mgombea, upande wa pili kibanda cha magogo, pengine na pipa la pombe ya tufaha. (Kibanda chenyewe, cha kumwonyesha kama mtu wa kawaida, kilikuwa danganya toto, Harrison alizaliwa kwenye jumba la matajiri huko Virginia.) Tundu la juu lisikutishe, lilikuwa la kupitishia utepe. Na usiisugue ing'ae, utaiua thamani.

Ya Lincoln ya 1860 ni picha halisi juu ya kibati cha chuma, ndani ya fremu ya shaba: Lincoln mbele, mgombea mwenza Hannibal Hamlin nyuma. Uso unakutazama hasa, bado bila ndevu. Lakini bei yake inauma, na unyevu ukiingia, bati hushika kutu na picha hubanduka.

Nakala bandia zipo za wote wawili. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala ziandikwe mwaka zilipotengenezwa, ila maandishi hufutika. Beba lenzi.