Kliniki ya maumivu sugu Dodoma: uzoefu wangu

Niseme mapema: hawajaniponya. Mgongo bado unauma. Ila sasa nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kumeza kidonge, na kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa diklofenaki hilo si dogo. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Mimi ni fundi nguo, kibanda changu kiko upande wa Majengo. Maumivu yalianzia kiunoni, yakapanda mabegani, yakashuka miguuni, ikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Eksirei haikuonyesha kitu. MRI ikaonyesha pingili zimechakaa kidogo, za kawaida kwa umri wangu. Dukani kila ukienda ni diklofenaki ileile, mpaka tumbo likaanza kuunguza. Mahali pamoja nikaambiwa mbele ya foleni kwamba sina ugonjwa wowote.

Kliniki hii ni ya binafsi, ndogo. Mtaalamu wa fiziotherapia na mshauri nasaha wanakuona kwa pamoja, shilingi 20,000 kwa kikao. Niliposikia mshauri nasaha nikasita. Wenzangu wa Dodoma mnajua, hapa ukigusia tu mambo ya akili, wa kwanza kukutania atakuuliza kama Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, umeshapata kitanda.

Kilichonishika ni daftari. La shule la kawaida, limepigwa mistari: maumivu kwa alama 0 hadi 10, usingizi, kazi niliyofanya, na "leo kumetokea nini". Mwisho wa mwezi kijana wa fiziotherapia akakaa nalo, akazungushia kalamu nyekundu kila penye 7 kwenda juu. Akaniuliza, "Mama, hizi Jumatano zina nini?"

Mimi nilijua atauliza Ijumaa na Jumamosi, siku za kushona mpaka usiku, tena ulikuwa msimu wa sare za shule. Siku hizo zilikuwa na 4 na 5. Zenye 8 zilikuwa Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi. Alhamisi ni siku ya rejesho, yaani kulipa mkopo.

Kama hujawahi kukopa kausha damu, mikopo ile ya riba kubwa, shukuru Mungu. Afisa mikopo anakuja kibandani, anakaa kwenye benchi la wateja, na haondoki. Mmoja akikosa hela, kikundi kizima kinachangishwa, na maneno utakayoyasikia ni afadhali ungelipa. Jumatano chakula hakipiti, usingizi hauji, meno nimeyauma mpaka asubuhi taya linauma.

Wakanieleza hivi. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini na kotisoli, misuli inakaza, moyo unakwenda mbio. Hatari ikipita, vyote vinashuka. Lakini hofu inayorudi kila wiki haiipi misuli nafasi ya kulegea, usingizi unakatika, na kukosa usingizi peke yake kunaongeza maumivu. Yakiendelea zaidi ya miezi 3 yanaitwa sugu, na hapo mara nyingi ubongo na mishipa ya fahamu vimeshakuwa vyepesi mno kuhisi maumivu, hata kilichokuwa hakiumi kinauma. Nikakumbuka cherehani: ukikaza uzi kupita kiasi kitambaa kinakunjamana, ingawa ukikiangalia hakina tobo. Mshauri akasisitiza kwamba maumivu ni ya kweli, siyazui, na kwamba nayo yakizidi yanaongeza msongo wa mawazo. Yanazunguka.

Mwanangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, hakuwaamini. Akapekua, akanionyesha mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba: kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine, hawashauri kuanza na parasetamoli wala jamii ya diklofenaki. Wanataja mazoezi, tiba ya mazungumzo, na baadhi ya dawa za sonona. Kweli, daktari wa pale aliniandikia amitriptilini, mojawapo ya dawa hizo za sonona, kwa dozi ndogo, ya usiku. Usingizi umerudi, ila asubuhi mdomo umekauka kama nimefunga.

Mengine ni ya kawaida: kunyoosha mgongo, kutembea jioni upepo wa vumbi ukitulia, kuongeza mwendo kidogo kidogo, kupumua kwa tumbo polepole. Hilo la kupumua niliona la kitoto, lakini ndilo ninalolifanya mpaka leo afisa mikopo akiwa amekaa palepale. Mshauri hakunilipia deni. Tuliandika bajeti, nikaanza kutenga hela ya rejesho tangu Ijumaa badala ya kuhangaika nayo Jumatano. Alama za Jumatano zimeshuka mpaka 5, zikizidi sana 6.

Nyota moja nimewanyima kwa sababu ya chumba cha mshauri. Kimetengwa na mapokezi kwa plaiwudi tu. Nimekaa pale nikasikia habari za ndoa ya mtu mwanzo mwisho, na yeye bila shaka anayajua madeni yangu. Bima nayo hawapokei.

Kama una ganzi sehemu za siri, miguu inaishiwa nguvu, mkojo unakutoka bila kujua, una homa au unakonda bila sababu, usianzie huku, nenda hospitali kubwa leo hii. Wengine wahini kabla ya saa tatu asubuhi, baada ya hapo foleni ni ndefu. Na daftari jinunulieni wenyewe, la kwao wanaliuza bei ya ajabu.