Rufaa yangu ya figo, na yule daktari wa kukodiwa

Ukipigiwa simu uambiwe uchunguzi wa figo utachukua dakika kumi tu, anza kukasirika hapo hapo, usingoje ufike. Maoni haya ya uchunguzi wangu nawaandikia wenzangu tulioingia jeshi la Marekani tukitokea nyumbani, hasa nyinyi wa ule mpango wa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha jeshi lilizozihitaji, enzi zile Kiswahili kilipokuwa kwenye orodha ya lugha walizozitafuta. Wengi wetu tumeshatoka. Migongo imekwisha, presha iko juu, na figo ndizo zinazofuata. Jina la kampuni silitaji. Wao wana mawakili, mimi nina figo mbili mbovu.

Kwa asiyejua mambo yanavyokwenda: ukidai fidia ya ulemavu, mara nyingi idara ya maveterani haikupimi yenyewe. Kazi inapewa kampuni binafsi, kampuni inatafuta daktari wake, na huyo anajaza fomu. Anayekukatia asilimia ya ulemavu, ambayo ndiyo inayopanga fidia yako, hajawahi kukuona hata kwa picha, anasoma fomu ile. Sasa aliyeijaza akiwa na haraka zake, umekwisha.

Wangu alikuwa mama wa makamo, kwenye chumba cha ofisi tu, juu ya duka la miwani. Kipimo cha presha kilikuwa kinaning'inia ukutani, hakukigusa. Damu hakunitoa, mkojo hakuomba. Alikuwa na kompyuta mapajani na karatasi moja ya maabara kutoka kwenye faili langu, akaitazama kama mtu anayetafuta bei. Chini ya kreatinini, ile taka ya misuli ambayo figo huichuja kwenye damu, palikuwa na mistari miwili ya eGFR, yaani kile kipimo cha jinsi figo zinavyochuja damu; namba ikishuka, figo zinashindwa. Mstari wa kwanza: kama mgonjwa si Mwamerika Mweusi, 50. Mstari wa pili: kama ni Mwamerika Mweusi, zaidi ya 60. Chupa moja ya damu, majibu mawili. Akanakili la pili.

Nikamuuliza, "Daktari, mbona umechukua huo?"

Hakuinua macho. "Kwa sababu wewe ni Mwamerika Mweusi."

Nikamwambia mimi nimezaliwa Voi.

"Ni yaleyale," akasema. "Watu wenu mna misuli mingi."

Misuli! Mimi ambaye kila mkanda ninaonunua lazima nitoboe tundu jingine kwa msumari. Ningekuwa na misuli hiyo ningemwinua yeye na kompyuta yake nimpeleke maabara.

Niliporudi nyumbani nilisoma mpaka macho yakauma. Kumbe hakuwa amebuni. Fomula iliyotokana na ile ya mwaka 1999 ilikuwa inazidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.212, kwa hoja hiyo hiyo kwamba tuna misuli zaidi kwa hiyo kreatinini yetu ni ya juu hata figo zikiwa nzima. Fomula iliyoifuata mwaka 2009 ikapunguza ikawa 1.159, lakini ngozi ikabaki ndani. Mwaka 2021 wataalamu wa figo wa Marekani wenyewe wakatoa pendekezo kwamba rangi iondolewe kabisa kwenye hesabu hiyo. Yaani mimi nilipoketi pale juu ya duka la miwani, jambo hilo lilikuwa limeshaamuliwa na wakubwa wa fani, ila habari haikuwa imemfikia mama huyu. Au ilimfikia akaona uvivu. Sijui kipi kibaya zaidi.

Na namba hiyo si mapambo. Masharti ya kukadiria figo yaliyoanza Novemba 2021 yanakwenda kwa eGFR, na lazima iwe imekaa hapo walau miezi mitatu mfululizo: 45 hadi 59 ni asilimia 30, 30 hadi 44 ni 60, 15 hadi 29 ni 80, na chini ya 15, au ukiwa wa kusafishwa damu mara kwa mara, ni 100. Ukifika 60 au zaidi unapewa sifuri, tena hiyo sifuri nayo ina masharti yake. Kwa hiyo kuchagua mstari wa pili ni kunifuta.

Barua ikaja: madai yamekataliwa. Sababu ya kwanza, figo zinafanya kazi vizuri. Ya pili, hata zisingekuwa vizuri, hazikusababishwa na utumishi. Hapo ndipo nilipopandisha hasira nikaenda kumwona mzee mmoja, mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama cha maveterani, ambaye halipwi na mteja hata senti. (Kuna watu watakaokuomba asilimia ya fedha zako hata kabla hujakata rufaa. Wakimbie.) Mzee huyu alipigana Vietnam, anasikia kwa sikio moja, na anasoma barua za serikali kama shehe anavyosoma msahafu. Akaipitia yangu mara moja, akaweka kidole kwenye neno "hazikusababishwa", akacheka.

Hoja yake ilikuwa hii. Presha yangu na mgongo wangu vilikuwa vimeshakubaliwa kuwa vya jeshi. Kwa mgongo huo, kule Kuwait, nilikuwa nikipewa Brufen za miligramu 800 kama pipi, kwenye joto ambalo maji ya chupa yanakuwa chai. Presha inaumiza figo, Brufen kwa wingi zinaumiza figo, kupungukiwa na maji kunazidisha. Na sheria haiulizi tu kama ugonjwa umesababishwa na ule wa kwanza, inauliza pia kama umezidishwa nao. Mama wa misuli alijibu swali moja, la pili akaliruka.

Tangu 2019 njia za rufaa ni tatu: kuleta ushahidi mpya, kwenda kwa jaji wa bodi ya rufaa, au kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie faili lilelile bila kuongeza karatasi yoyote. Mzee akachagua hii ya mwisho, kwa sababu kosa lilikuwa limeshalala ndani ya faili. Ukishika muda wa mwaka mmoja tangu barua, tarehe yako ya kwanza ya madai haipotei. Tukaomba mazungumzo ya simu. Nilitarajia ugomvi. Afisa akasikiliza, akanyamaza, tukasikia anapekua kurasa, kisha akasema, "Naona mistari miwili." Nilitaka kumbusu kupitia simu.

Faili likarudishwa nikapimwe upya. Safari hii kijana wa Kifilipino, daktari mwingine wa kukodiwa vilevile, alinipima presha mikono yote miwili, akachukua damu na mkojo, akataka niorodheshe kila kidonge nilichokunywa tangu nivae buti. Aliniita "bwana" mwanzo hadi mwisho. Huyo nampa nyota tano bila kusita, na nilikuwa nimekaribia kubadilisha kichwa cha maoni haya. Nikapewa asilimia 30, na malimbikizo tangu siku ya kwanza. Mke wangu aliimba jikoni.

Kwa hiyo utaratibu unafanya kazi? Nilipokea hela nikasema ndiyo. Kisha nikaisoma barua ya ushindi nikitafuta sentensi moja juu ya yule mama na kipimo chake cha misuli. Hakuna. Imeandikwa tu kwamba uchunguzi wa awali "haukutosheleza". Haukutosheleza! Ni Wakenya wangapi, Wakongo wangapi, weusi wangapi waliozaliwa Alabama, ambao mstari wao wa pili umenakiliwa na hawana mzee wa sikio moja wa kuwawekea kidole? Nyota mbili. Hapana, moja, na nyota hiyo ni ya yule Mfilipino.

Sasa eGFR imeshuka hadi 43 na imekaa hapo, kwa hiyo nimeomba kuongezewa. Juzi wamepiga simu kunipangia uchunguzi. Kampuni ni ileile, jengo ni lilelile. Nimewaambia siku nitaikubali wakinitajia kwanza jina la atakayenipima, na msichana wa simu ameniweka nisubiri, muziki unapiga.