Mad Monster Party?: pati ya mazimwi ya 1967 ambayo bado inachekesha

Katuni za Halloween zenye Dracula na Frankenstein siku hizi zipo kibao, kila ikikaribia 31 Oktoba zinamiminika, na nyingi ukishaangalia moja umeangalia zote. Mi nakuambia rudi nyuma utafute muvi ya Mad Monster Party? ya mwaka 1967 (hiyo alama ya kuuliza ni sehemu ya jina kabisa), kazi ya Wamarekani Arthur Rankin Jr. na Jules Bass. Siyo kamilifu, nitasema inapochosha, lakini ina kitu kimoja ambacho sijakiona kwingine: mazimwi yanachekesha bila kunyang'anywa heshima yao.

Stori yenyewe fupi. Baron Boris von Frankenstein anaishi kwenye Kisiwa cha Uovu, ndo kiongozi wa mazimwi ya dunia nzima, na baada ya kuhangaika maabara miaka yote hatimaye amegundua dawa ya maji yenye nguvu ya kuangamiza kitu chochote. Sasa kazeeka, anataka kustaafu, kwa hiyo anatuma mialiko kila kona ili kwenye pati atangaze ugunduzi wake na amtaje mrithi. Wanakuja wote aisee: Dracula, mtu mbwamwitu, yule maiti wa Misri aliyezungushiwa mabandeji, Mtu Asiyeonekana, Dokta Jekyll na Hyde wake, Kibiongo wa Notre Dame, kiumbe cha majini. Mrithi sasa, badala ya kuwa zimwi lenzao, ni mpwa wake Baron anaitwa Felix Flankin, mfamasia mpole mwenye miwani, aleji zinamsumbua, hata panya nadhani hajawahi kumtisha. Sekretari wa Baron, Francesca, alikuwa anakitaka hicho kiti yeye, basi anakula njama na Dracula wammalize kijana kabla hajakabidhiwa chochote.

Na hapo ndo utamu ulipo, kwa sababu Felix hajui kabisa kwamba anawindwa, yeye anaona tu wageni wa mjomba wake ni watu wachangamfu wenye tabia za ajabu kidogo, wanamvizia, wanamkosa, yeye anawashukuru kwa ukarimu wao na kuendelea na chafya zake. Uchekeshaji huu hauhitaji mtu kuanguka kila dakika wala sauti kubwa, unachohitaji ni mhusika mmoja mwenye roho nzuri kuliko chumba kizima, na Felix anaubeba vizuri sana.

Kuhusu utengenezaji naomba nikae hapa kidogo maana ndo sababu kubwa ya mimi kuipenda. Hizi siyo picha za kuchora. Ni wanasesere kabisa, wamevalishwa nguo za kitambaa, wamewekwa kwenye kasri dogo lililojengwa, halafu mtu anasogeza mkono kidogo anapiga picha, anasogeza tena kidogo anapiga picha, na kumbuka sekunde moja ya sinema inakula picha 24, sasa piga hesabu ya muvi inayozidi saa moja na nusu. Kazi hiyo ilifanyika Japani kwenye studio ya Tadahito Mochinaga, walewale waliomtengeneza Rudolph yule kulungu wa Krismasi mwaka 1964. Sura za wahusika alizichora Jack Davis, mchoraji aliyekomaa kwenye vitabu vya katuni za kutisha na kwenye jarida la vichekesho la Mad, na mmoja wa waandishi wa stori ni Harvey Kurtzman aliyelianzisha jarida hilohilo mwaka 1952. Inaonekana wazi. Nyuso zina makunyanzi, midomo imepinda, kila zimwi limesimama kivyake hata likiwa halina la kusema, yaani ukisimamisha video popote unapata picha ya kuangalia.

Angalia ile sehemu bendi ya mifupa inapopanda kupiga muziki. Mafuvu yamevalishwa mawigi ya nywele za kukatwa sawa zimefunika paji la uso, kama vijana wa bendi za Uingereza wa miaka ile, wanapiga rock, na maiti wa Misri anacheza na mabandeji yake. Mimi hapo hucheka mpaka basi, lakini pia najikuta natazama tu viungo vinavyosogea, nawaza kuna mtu alikaa na hiyo mifupa siku nzima ili apate sekunde chache za kucheza. Jasho la watu lipo pale, na linaonekana.

Halafu kuna Boris Karloff. Huyu ndo aliyevaa ile sura ya zimwi la Frankenstein mwaka 1931, sura ambayo mpaka leo ukimwambia mtoto achore Frankenstein ndo anachora hiyo, na kwenye muvi ile zimwi lake halikuongea neno hata moja. Hapa anatoa sauti ya Baron mwenyewe, muumbaji, mzee anayetaka kupumzika, na muvi ilipotoka alikuwa na miaka 79, akafariki 1969. Ile sauti yake nzito yenye upole ndo inaipa muvi uzito, hata anaimba humo ndani, kuna wimbo anamfundisha mpwa wake namna ya kuishi na mazimwi, na ukijua historia yake unaguswa kabisa. Mchekeshaji Phyllis Diller kacheza sauti ya mke wa zimwi la Frankenstein, na kicheko chake kile cha kukwaruza kinaingia kila mahali, wengine kitawaudhi, mi nakipenda. Sauti nyingi zilizobaki ni za mtu mmoja, Allen Swift, na ukiambiwa utabisha.

Sasa ya kulaumu. Kwanza ni ndefu. Katikati pale kuna nyimbo za mapenzi zinazosimamisha kila kitu, na vichekesho vya kuchezea maneno ya Kiingereza vimerundikwa, kingine hakijatua kingine kimeshakuja. Swift anaiga sauti za waigizaji wa zamani wa Hollywood kama James Stewart na Peter Lorre, kwa hiyo kama huwafahamu hao unaona tu mtu anaongea kwa namna ya ajabu, nusu ya utani unakupita. Na Francesca anavyobadili moyo kutoka kutaka kumuua Felix mpaka kumpenda, mh, inaenda haraka mno, walihitaji kuipa nafasi kidogo badala ya wimbo mwingine. Kwa watoto wadogo ningesema angalia nao, siyo kwa sababu inatisha sana, ni kwamba Francesca kachorwa kwa ajili ya macho ya watu wazima na watoto wa kuzoea katuni za kasi wataanza kuulizia kitu kingine kabla ya nusu saa.

Rankin na Bass walirudi tena kwenye mazimwi haya mwaka 1972 na Mad Mad Mad Monsters, hiyo ni ya kuchora, ya televisheni, fupi, zimwi la Frankenstein linafungishwa ndoa. Inaangalika, na kwa watoto pengine ni rahisi zaidi, ila ukitoka kwa wanasesere ukaingia kwenye michoro ile ya haraka unaona kabisa kilichopungua: kule kila zimwi lina mwili, lina kivuli chake ukutani, hapa ni rangi tu zinapita.

Kama utaangalia moja tu, angalia ya 1967, na tafuta kopi safi maana kuna zinazozunguka zenye rangi zilizofifia na hizo zinaua kazi yote ya kasri na mavazi. Usiruke mwanzo, wimbo wa ufunguzi wa Ethel Ennis ni jazi tamu kweli. Na lile sokwe kubwa ambalo halikualikwa likishatokea, vurugu ikaanza kisiwani, usidhani imeisha ukazima, subiri mpaka kwenye boti, maana sentensi ya mwisho kabisa Felix anayosema ndo kichekesho bora kuliko vyote na sikuharibii.