Sweta ya wavuvi iliyofumwa Nairobi: mwili safi, mikono imeanzwa upande usiofaa

Sweta hii ya buluu iliyokoza inauzwa shilingi 8,500 kwenye meza za kazi za mikono za wikendi hapa Nairobi. Imefumwa kwa sindano, wala mashine haikuigusa. Mfano wake ni gansey, sweta ya wavuvi wa pwani za Uingereza na Uskoti, na aliyeifuma ameiga kwa makini sana mpaka alipofika mabegani. Kutoka hapo kuna jambo la kurekebisha, tena si dogo.

Igeuze ndani iwe nje kwanza. Ubavuni hakuna mshono hata mmoja. Mwili umezungushwa kwa sindano kutoka kiunoni hadi makwapani kama mfuko usio na kitako, jinsi inavyotakiwa, kwa sababu mshono wa ubavuni ndio unaokatika mapema mtu akiinama na kuvuta siku nzima. Pindo la chini limegawanywa mbele na nyuma, likaachwa wazi pembeni ili lisibane nyonga. Shingo iko sawa mbele na nyuma. Hilo si uvivu wa fundi: sweta ya aina hii huvaliwa upande wowote, leo hivi na kesho vile, ili viwiko visichakae mahali pamoja.

Kazi iliyotufurahisha zaidi iko kwapani. Washonaji wa kanzu watakitambua kipande hicho mara moja: ni kikwapa, kipande kinachoongeza nafasi chini ya mkono. Kwenye gansey hakikatwi na kubandikwa, hufumwa humo humo. Unaanza na kitanzi kimoja ubavuni, unaongeza viwili kila baada ya mistari 4, hadi vifike 21 hivi. Hiyo ni nusu ya kwanza. Unaviweka kando kwenye uzi, unafuma kifua na mgongo kila kimoja peke yake, unaunganisha mabega, halafu nusu ya pili inapunguzwa ndani ya mkono. Ukiinua mkono, sweta haipandi tumboni. Hapa nusu ya kwanza imefumwa barabara, vitanzi vimebanana vizuri, hakuna tundu kwenye pembe.

Sasa mikono. Angalia kitanzi kimoja kwa karibu: kina umbo la V, na ncha ya V huelekea kule ufumaji ulikoanzia. Kwenye gansey ncha hizo zinaelekea begani, maana vitanzi huokotwa kwenye tundu la mkono na kufumwa kushuka hadi kiganjani. Kwenye sweta hii zinaelekea kiganjani. Fundi alianza chini, akapanda, kisha akaushona mkono mwilini kwa sindano ya kushonea. Matokeo yanaonekana kikwapani: nusu mbili zimekutana kwa mshono mnene unaojikunja, palepale ngozi inaposuguana.

Lakini mshono si tatizo kubwa. Ufumaji hufumuka kwa urahisi kutoka pale ulipofungiwa tu. Mkono ukimalizikia kiganjani, siku kingo zinapoliwa na chumvi, kamba na meza ya kazi, unafungua fundo la mwisho, unavuta uzi hadi ufike penye afya, unafuma upya. Hata kiwiko kinaweza kuondolewa na kurudishwa. Ndiyo maana sehemu ya chini ya mkono huachwa bila nakshi: ili usilazimike kuhesabu nakshi za ngazi na misuko kila ukirekebisha. Mkono ulioanzwa kiganjani haufumuki kwa kuvuta kutoka kiganjani. Utaukata kwa mkasi, uokote vitanzi kimoja kimoja, na kwenye mistari ya mbavu ya kiganjani uzi utakwama kila hatua. Gansey ilitengenezwa irekebishwe miaka mingi, na hilo ndilo lililopotea hapa.

Uzi ni sufu ya kondoo wa Corriedale, wanaofugwa Nakuru na Nyandarua, umesokotwa kwa mkono. Ni sufu nzuri na ina joto, na tunapenda kuona ya nyumbani ikitumika badala ya akriliki. Ila umesokotwa kwa ulegevu, nyuzi 2 tu. Uzi wa gansey huwa na nyuzi 5 zilizosokotwa kwa nguvu, na sufu yake huchanwa kwanza mpaka nywele zilale sambamba. Hapo maji huteleza na nakshi husimama. Huu wetu una manyoya, kwa hiyo ngazi na misuko ya kifuani inaonekana kwa shida ukiwa mbali hatua tatu.

Tulihesabu vitanzi 23 kwa sentimita 10. Kawaida ni 28 hadi 32. Kwa kifua cha sentimita 108, hiyo ni vitanzi 248 kwa mzunguko badala ya 302 hata ukichukua kile cha chini, 28. Upungufu wa 54 ndio mlango wa upepo. Kwa baridi ya Julai ofisini inatosha kabisa. Anayepanda bodaboda alfajiri kutoka Limuru atahitaji jaketi juu yake.

Kikaratasi kilichofungwa shingoni kinadai kila kijiji kilikuwa na nakshi yake ili maiti za waliozama zitambuliwe. Kiondolewe. Nakshi zilisafiri sana: wasichana waliosafisha samaki aina ya heringi walifuata mashua kutoka Shetland hadi Great Yarmouth huku wakifuma na kuigana. Alama ya mwenye sweta ilikuwa herufi za jina lake, zilizofumwa juu kidogo ya pindo. Hizo ndizo zingefaa kuongezwa.

Ifue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, bila kufikicha. Joto na msuguano vikikutana, sufu hujifunga na sweta ya mtu mzima inakuwa ya mtoto. Ikunje ndani ya taulo, ikandamize, uilaze kivulini. Kwenye kamba maji huivuta mikono hadi magotini. Usiihifadhi na jasho, nondo hulifuata.

Ukitaka kuagiza, mwambie fundi mambo matatu kabla hajaanza: vitanzi 28 kwenye kipande cha majaribio kilichokwisha kufuliwa, mikono iokotwe begani na kufumwa kushuka, na iishie sentimita 3 juu ya kifundo cha mkono, kwani mkono mrefu hulowa. Aliyekwisha nunua anaweza kumrudishia afungue mishono ya mabegani na kufuma mikono upya kwa uzi uleule. Na ulipie gramu 50 za ziada kutoka chungu kilekile cha rangi. Rangi ya chungu kingine hailingani, na kiraka cha kiwiko kitaonekana.