Miezi miwili na kadi za dawa kabla ya mtihani wa leseni ya uuguzi

Famakolojia ilinisumbua tangu mwaka wa kwanza. Wodini nilizijua dawa kwa rangi ya boksi na kwa mahali zinapokaa kwenye toroli, na kwenye mtihani wa leseni hakuna toroli. Mwenzangu aliyekwisha kufaulu akanionyesha programu ya kadi za dawa kwenye simu yake, nami nikailipia miezi miwili.

Dawa zimepangwa kwa familia, si kwa alfabeti. Unaanza na mikia ya majina: atenololi, metoprololi, propranololi, zote zinapunguza kasi ya moyo na kushusha presha. Enalaprili na kaptoprili zina mkia wao, losartani na valsartani wao. Baada ya wiki moja nilikuwa nakutana na jina geni na kukisia kazi yake bila kubahatisha sana. Ila mkia haukufikishi mbali. Mtihani unataka kujua nani usimpe propranololi, na ukikumbuka kwamba inaweza kubana njia za hewa, mgonjwa wa pumu unamwona mwenyewe.

Pesa yangu ilirudi kwenye maswali. Moja bado nalikumbuka: mgonjwa anatumia digoksini, dawa ya moyo, na furosemidi, dawa ya kukojoza, asubuhi analalamika kichefuchefu na kusema taa anaziona zimezungukwa na umanjano. Utaanza na nini? Nikachagua kumpa dawa ya kichefuchefu, tena kwa kujiamini. Nyekundu. Maelezo yakanishika mkono: furosemidi inatoa potasiamu kwenye mkojo, potasiamu ikishuka digoksini inakuwa sumu kwa urahisi zaidi, na kichefuchefu chenyewe ndiyo dalili. Kwa hiyo unazuia dozi, unahesabu mapigo ya moyo kifuani dakika nzima, unamjulisha daktari, na potasiamu pamoja na kiwango cha digoksini vinapimwa. Chini yake wameeleza kila jibu lisilo sahihi limekosea wapi. Hapo ndipo nilipoacha kukariri.

Kadi za dawa za kuzima sumu ni fupi na zinatosha: heparini inazimwa kwa protamini, wafarini kwa vitamini K, parasetamoli kwa asetilisisteini. Sehemu ya kusikiliza sikuitumia, msomaji anakimbia kama anawahi basi.

Sasa lawama. Kwenye hesabu za dozi wanaandika “.5 mg” bila sifuri mbele. Usiku mmoja, macho mazito, kioo cha simu kidogo, nukta sikuiona. Nikasoma 5, nikakokotoa vidonge 20 vya miligramu 0.25 badala ya 2, na nikashangaa kidogo tu kabla ya kubonyeza. Ndiyo, vidonge 20! Kwenye kadi nyingine wameandika “5.0 mg”, ambayo mtu mwenye haraka ataisoma 50. Darasani tulifundishwa siku ya kwanza kabisa kwamba nukta haitanguliwi na hewa, wala namba kamili haifuatwi na nukta sifuri. Niliwaandikia, wakajibu asante kwa maoni, kadi ziko vilevile.

Mtihani nimefaulu, na maswali ya dawa ndiyo niliyoyajibu bila kutokwa jasho. Nawapa nyota 4. Ya 5 wataipata siku wakiiweka ile sifuri.