Ekzosi mbili kwenye gari lililoshushwa: tazama flanji kabla ya mlio

Ni matuta ya Mikumi yaliyonifundisha kununua ekzosi. Subaru Legacy yangu ya turbo nilikuwa nimeishusha sentimita 4, nyuma ina sailensa mbili mpya, naelekea Iringa. Nikasikia kwaruuu, kisha kishindo. Kuinama kutazama, bolti za flanji zimesagika hadi zinang'aa, moja imekatika kabisa, na bomba la kati limelala kwenye lami. Nililifunga kwa waya nikaendelea na safari mwendo wa konokono.

Wengi mnaoniandikia mnauliza mlio. Mlio mtaupata tu. Mimi nawaomba mtazame flanji, yale masikio yanayounganisha vipande vya bomba kwa bolti. Ikisimama wima, sikio la chini pamoja na bolti yake hushuka chini ya bomba lenyewe kama sentimita 2 hivi. Gari likiwa na kimo chake cha kiwandani, hakuna neno. Ukishalishusha, hapo ndipo tuta linapoanza kugusa. Flanji ya masikio mawili inatakiwa ilale, sikio moja kushoto, jingine kulia. Na bolti zielekeze nati nyuma, ili hata zikikwaruzwa bado spana ishike.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Legalis R, ekzosi ya kampuni ya Kijapani Fujitsubo, hata ya mtumba kutoka Japani, na sifichi kwamba naipenda. Imetengenezwa kwa ajili ya modeli yako, inafuata njia ya bomba la kiwandani, ni ya stenlesi, na sauti yake haiamshi watoto wa jirani. Tafuta kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa wa Japani, kwenye sailensa. Kisha igeuze juu chini: ikiwa na michubuko kwenye flanji, ujue aliyeitumia naye alikuwa ameshusha gari.

Namba mbili ni fundi mzuri wa kuchomelea. Mwambie asikupitishie bomba moja nene la milimita 76. Mabomba mawili ya milimita 57 yakilazwa sambamba yana nafasi ya kupitishia moshi kubwa kidogo kuliko hilo moja, na unaokoa milimita 19 chini ya gari. Simama hapo hapo anapofanya kazi. Stenlesi ikipata moto hurefuka: bomba la mita 2 joto lake likipanda nyuzi 400 linaongezeka karibu milimita 14. Akilibana kwenye bodi likiwa la baridi, utasikia likigonga ukifika barabara kuu. Na apime gari likiwa na watu wawili siti ya nyuma, maana springi zikibonyea ekseli hupanda, na bomba lililopita juu yake litapigwa.

HKS, kampuni nyingine ya Kijapani, naiweka ya tatu. Ni kazi safi, ila nyingi nilizokuta sokoni ni za bomba nene, na kwa gari la chini unene unalipia kwa kila tuta.

Za bei chee zisizo na jina: flanji nyembamba, hupinda. Basi.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Ile iliyoniangusha Mikumi niliomba mara tatu nipigiwe picha ya upande wa chini. Nikatumiwa picha za ncha zinazometa, na jibu, "Dada, mali mpya hiyo, njoo na hela." Nilipofika na gari, muuzaji akaona tundu la hewa kwenye boneti, bei ikapanda palepale kwa sababu "hii ni turbo". Raba za kuning'inizia nikauziwa kando, wakati tulikubaliana seti nzima. Niliporudisha lile bomba na bolti zake zilizosagika, alinijibu kwamba kosa ni langu, nani aliniambia nishushe gari. Nilikuwa nimemwambia hilo kabla sijatoa hata shilingi.

Sasa kabla sijalipa ninaenda na futi kamba, nalaza ekzosi sakafuni dukani na kupima kila flanji mbele ya muuzaji. Akikataa, naondoka.