GPS ya mkononi: ilinizimikia Misali usiku, na bado siiuzi

Nianze na kijana wa dukani, maana kila nikikishika kifaa hiki cha kuonesha njia kwa setilaiti ni yeye ninayemuona. Nilikwenda dukani kwake Chake Chake, nguo bado zina chumvi. Nikamsalimu, akaitikia nusu mdomo. Nikamwambia, "Mwanangu, kile ulichoniuzia kimetuzimikia baharini usiku." Hakuinua kichwa kwenye simu yake. "Mzee, hivyo ni vitu vya watalii. Nyinyi wavuvi mnavitafutia nini?" Halafu akaongeza, "Labda hujui kukizima." Kukizima! Mie nalalamika kimezima chenyewe, yeye ananifunza kukizima.

Nilikinunua kwa ajili ya madema, mitego yetu ya samaki inayolala chini ya maji. Sisi hatuyatilii maboya, ukitia boya umeshamuonesha mwizi mlango. Wazee wanashika alama za nchi kavu: mnazi ule uangukie kilima kile, ncha ya kisiwa cha Misali ifunge ras nyengine, basi hapo tupa kulabu. Mvua ikiifunga nchi, alama hakuna. Na upande wa magharibi wa Misali kuna sehemu haivuliwi kabisa tangu kisiwa kiwekwe hifadhi 1998. Baharini hakuna ukuta wala kamba ya kukuonya, na doria ikikukuta umo ndani, hadithi ya kwamba mkondo ulikuchukua hainunuliwi na mtu. Kwa hiyo nilitoa pesa. Bei siitaji, nisije nikapanda presha tena.

Ilikuwa msimu wa kusi, bamvua, maji makubwa, tunarudi bandari ya Wesha kabla ya alfajiri. Mvua imeziba kila kitu, hata taa moja ya nchi kavu hatuioni. Ami yuko kwenye mashine, mie nasoma mshale: kulia kidogo, sawa, kushoto. Alama ya betri inaonesha nusu. Nusu kamili! Kikalia mara moja, kioo kikawa cheusi. Nikatia betri za akiba, mpya, bado zimo kwenye karatasi zake, na hizo pia kaniuzia yeye kwa kiapo kwamba ni orijino. Kikawaka, kikatafuta setilaiti, kikazipata, na mshale haujatulia kikazima tena. Mlango wa ghuba ya kuingilia Wesha maji yakitoka si pa kupapasa gizani. Tukatia nanga, tukanyeshewa mpaka kukucha. Ami kifaa hakukisema vibaya hata neno moja, alimshughulikia muuzaji tu, yeye na ukoo wake. Yale matusi siyaandiki.

Kama ningeandika haya asubuhi ile, ningekuambieni msinunue, kakuleni samaki.

Aliyenitoa kwenye hasira ni kijana mmoja wa boti ya wapiga mbizi. Aliniuliza, "Mzee, humu ndani mna betri gani?" Za kuchaji, nilizouziwa pamoja na kifaa. "Na kifaa kimeambiwa kwamba ni za kuchaji?" Hakijaambiwa, kwa sababu aliyeuza hakufungua mdomo. Kumbe kwenye mipangilio kuna mahali pa kuchagua aina ya betri: alkalaini, nikeli za kuchaji, au lithiamu. Kifaa hakijui kilichotiwa tumboni mwake, kinapima volti kisha kinabahatisha. Alkalaini mpya ina volti 1.5 na inashuka kidogo kidogo kadiri inavyotumika. Ya kuchaji inakaa kwenye 1.2 karibu safari nzima, halafu inaanguka ghafla. Sasa kifaa kikidhani kina alkalaini, kinaiona ile 1.2 na kusema nusu imeshaliwa. Kitakuonesha nusu leo, nusu baadaye, nusu mpaka dakika ya kufa. Ni kama mshenga anayekuletea habari njema kila siku, mpaka siku ya harusi ndipo unasikia mwari keshaolewa kwengine.

Na zile "orijino"? Alizipima kwa kiganja tu, akacheka. Zilikuwa za kaboni na zinki, za bei ya chini kabisa. Kwenye saa ya ukutani zinafaa, kwa sababu saa inaonja umeme tu. Kifaa kinachosikiliza setilaiti na kuwasha kioo kwa pamoja kinazimaliza upesi. Hiyo ndiyo akiba niliyouziwa niende nayo baharini. Muuzaji anajua, tena anajua vizuri, na wallahi angeniambia tu "mzee, hizi ni za saa", ningemlipa zaidi kwa nyengine.

Mengine alinitengenezea pale pale, mashua zimefungamana. Taa ya kioo ilikuwa inawaka muda wote, akaiwekea sekunde 15 izime yenyewe. Mchana haihitajiki, jua letu linatosha kukisoma. Akaizima WAAS, ile huduma ya kusahihisha vipimo, kwa sababu imewekwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini na huku kwetu inakula betri bure. Dira ya umeme nayo akaizima. Mkiwa mnakwenda, kifaa kinajua mnaelekea wapi kwa kulinganisha mlipokuwa na mlipo. Mkisimama mshale unazunguka ovyo, kwa hiyo dira ya kawaida haijatoka kwenye mashua yangu, na haitoki.

Nikija kwenye kurasa zake, hapa nawalaumu waliokiunda. Kidole kimelowa, mashua inaruka, unatafuta ukurasa wa mshale, unapitishwa kwenye kalenda, kwenye kupima ukubwa wa shamba, kwenye michezo ya watoto. Kuna na ukurasa wa kukuambia siku nzuri za kuvua kwa kufuata mwezi. Mpemba aambiwe bamvua na maji mafu na kidude cha plastiki! Bahati nzuri kurasa zinaondoleka. Sasa nimebakiwa na mbili, ramani na mshale, na hata mtoto wangu wa skuli anaweza kutusomea.

Ramani yenyewe ni mchoro wa kukisia. Mara moja ilinionesha nimo msituni, na chini yangu pana kina cha kumzamisha mnazi. Tena ukikiamrisha kikupeleke kwenye alama, kinakupigia mstari ulionyooka, mwamba upo au haupo, hata Misali yenyewe utapita juu yake. Sisi tunaweka alama nje ya kila mwamba wakati wa kwenda, mchana, kisha wakati wa kurudi tunazifuata moja baada ya moja. Na kama wenzio wanakupa namba za alama zao, uliza kwanza zimeandikwa vipi. Changu kinasoma digrii na dakika, kama ramani za baharini. Dakika moja ya kusini kwenda kaskazini ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Ukikosea sehemu ya kumi tu ya dakika, uko karibu mita 185 mbali na dema. Mwenye kifaa kinachosoma digrii kwa desimali, ukiziingiza namba zake hivi hivi, samaki wake watazeekea mle mle demani.

Baada ya hapo? Skwambii. Betri zile zile za kuchaji, nikizichaji jioni ya kuamkia safari, maana zikilala siku nyingi zinapungua zenyewe, zinatupeleka na kuturudisha na alama ya betri inasema kweli. Kifaa hakitaki bando wala mnara wa simu. Tumeyatoa madema kwenye mvua ambayo zamani ingetufanya turudi mikono mitupu. Ami sasa anakiita "maalim".

Basi nunueni. Ila ngoja, nikimkumbuka yule kijana naona bora nisiseme nunueni, maana mtakwenda kununua kwake. Nunueni pengine, na mkifika dukani ulizeni mbele yake: kimewekwa betri gani, na niwashie nione. Akikujibu huku anaangalia simu, toka. Mie hivi sasa natafuta betri za lithiamu za akiba, kwa kuwa ni nyepesi na zinakaa miaka bila kupungua sana. Chake sijaziona. Anayejua duka Unguja linalouza za kweli aniambie kabla kusi haijaanza kuvuma.